Bendera Zifungwe

Kabla ya kuwa Amiri Mkuu, mtu hupewa wembe.

Desturi hiyo ilianza lini hakuna ajuaye, na anayekuambia kwamba anajua msikilize kwa sikio moja. Mize binti Vuai alikuwa ameketi juu ya sitaha ya meli ya mbele, jua la asubuhi likimpiga mgongoni, bendera yake imelala mapajani, akifumua mshono wa duara la mwisho. Uzi ulikuwa umekomaa kwa chumvi. Wanamaji walimzunguka wamevua kofia, kimya, kwa sababu mtu anayefumua bendera yake hasemeshwi.

Katika nchi nyingine, tunasikia, mtu akipanda cheo huongezewa vitu. Nyota begani, ukanda wa dhahabu kiunoni, manyoya kofiani, mpaka mkubwa wao anashindwa kuinama afunge kamba za viatu vyake. Katika Jeshi la Maji mambo yalikuwa kinyume. Bendera ya amri ilishonwa kwa merikani nyeupe. Amiri wa Tatu alikuwa na maduara mawili mekundu upande wa mlingoti, Amiri wa Pili alikuwa na moja, na Amiri Mkuu hakuwa na kitu. Wala asidhani mtu kwamba Mkuu alishonewa mpya. Kitambaa kilikuwa kile kile alichopewa siku alipoanza kuamuru, na kila alipopanda alipewa wembe, akajipunguza mwenyewe mbele ya watu.

Duara lilibanduka. Chini yake palikuwa na doa la rangi ya waridi, maana kitambaa chekundu huchuja, na mvua za zamani zilikuwa zimekichujisha juu ya ile nyeupe. Kando ya doa hilo palikuwa na jingine lililofifia zaidi, la duara lililotoka zamani, Mize alipokuwa bado na nywele nyeusi. Kwa hiyo bendera tupu haikuwa tupu. Aliyatazama madoa yale mawili, fahari ikampanda kifuani. Alilikunja duara, akalitia mfukoni.

Kilichobaki ni bendera kupanda mlingotini. Na hapo ndipo penye mashaka.

Bahari ilikuwa imeondoka. Haikuondoka kwa kishindo. Ilirudi nyuma kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga huku bado anazungumza mlangoni, mpaka meli zote zikabaki zimesimama juu ya magogo katikati ya uwanda wa chumvi. Wanamaji hawakuondoka. Walisugua sitaha kwa chumvi kavu, wakapokezana zamu ya kutazama mbele, wakapandisha bendera kila jua lilipochomoza. Jana walikuwa wamemzika Amiri Mkuu Faki, na bendera zote ziliteremshwa pamoja naye. Leo Baraza la Mji wa Juu lilikuwa linaleta mjumbe. Habari zilikwisha kumtangulia, kwamba Baraza limechoka na jeshi la maji lisilo na maji, na kwamba bendera zilizoteremka hazitapanda tena.

Mtu wa mbali angeuliza, kwani kuna nini? Kitambaa kisipopanda, si watu watakwenda makwao wakale wali wao? Lakini katika uwanda ule watu hawakujuana kwa nyuso. Chumvi ilikuwa imewapaka wote rangi moja, na mwanga wake ulikuwa mkali mno kwa macho kushika sura ya mtu. Walijuana kwa bendera. Meli yenye bendera ilikuwa na wenyewe, na isiyo nayo ilikuwa mbao na chuma. Amiri ambaye bendera yake iko juu yupo, hata akiwa amelala fofofo. Ambaye bendera yake iko chini hayupo, hata akisimama mbele yako anakuita kwa jina. Muda kati ya Amiri mmoja na mwingine waliuita uchi, na katika uchi majina yenyewe huanza kuchuja. Asubuhi ile ile mpishi, aliyempikia Mize tangu ujana wake, alikuwa amemtazama kutoka mlango wa jiko akamwuliza, "Dada, unamtafuta nani hapa?"

Swali lile lilimchoma. Alicheka ili asilie, kisha akashuka ngazi kwenda kuchukua bendera ya tezi, ile nyekundu kubwa inayokaa nyuma kabisa ya meli. Bendera ya amri husema nani anaamuru. Bendera ya tezi husema anaamuru kwa niaba ya kina nani. Bila ya pili, ya kwanza ni leso ya kufutia jasho.

Ngazi ile, siku za uchi, haikuwa na mwisho wake wa kawaida.

Nashuka. Mimi ni Mize. Mize wa Vuai, mwenye maduara mawili. La, moja. La, sina. Nani aliyeyatoa? Mimi. Basi kilichobaki ndicho nini? Ningekuwa kitunguu ningemenywa mpaka mwisho nikaliza watu, halafu katikati pasiwe na kitu. Nashuka. Hapa nilipita nikiwa msichana mwenye ndoo. Hapa nitapita nikiwa maiti. Ngazi ni hii hii. Nani anashuka? Mkono unaoshika ukingo naujua, una kovu la kamba. Kovu ni langu. Basi angalau kovu lipo.

Ngazini, chini kidogo yake, alikuwa amekaa Amiri Mkuu Faki. Alikuwa amevaa kaniki aliyozikiwa nayo, na bendera ya tezi iko magotini pake, ameikunja vizuri kuliko alivyowahi kuikunja akiwa hai.

"Umekawia," alisema.

"Amiri, jana tulikuzika."

"Najua. Na mlinizika vizuri, ahsanteni. Kaa tuzungumze, mwanangu. Mimi huku sina haraka."

Mize alikaa. Hakuogopa, alifurahi, na furaha ile ilimshangaza. Kila Amiri Mkuu humhoji anayemfuata, na Faki alikuwa amekufa ghafla kabla ya kumhoji yeye.

"Kwa nini nyekundu?" aliuliza Faki. Ndivyo mahojiano yanavyoanza.

"Kwa sababu Amiri wa Kwanza alikwenda dukani."

"Endelea. Usinikatie."

Mize akaeleza, na sauti yake ikakaza kadiri alivyoeleza. Amiri wa Kwanza alikuwa na meli moja na mchoro wa bendera mfukoni: simba, mwezi, panga mbili na maandishi ya kutosha kujaza ukuta. Alimwambia mwenye duka, "Nipe bendera." Basi sokoni bendera ni jina la nguo. Ile nyeupe ni merikani, ile nyeusi ya buluu ni kaniki, na ile nyekundu ni bendera. Mwenye duka hakuuliza mara mbili. Alimtolea jora zima la nguo nyekundu, akamfungia, akamsindikiza mpaka nje. Amiri alilifungua akiwa tayari melini, mabaharia wote wanatazama. Angeweza kurudi. Angeweza kusema kwamba hakueleweka. Badala yake alilipandisha jora lote kama lilivyo, refu kuliko meli, mkia wake unaburura majini. Adui walipoona meli inavuta mto wa damu nyuma yake na bado inakuja, walisema hawa hawafi, wakageuza.

"Kwa hiyo jeshi letu lilianzishwa na nini?"

"Na watu wawili kutoelewana neno moja," alijibu Mize. "Na mmoja wao kukataa kurudisha nguo dukani."

Faki alicheka mpaka kaniki ikamteleza begani. Kisha aliuliza habari za rangi tatu, na Mize akamjibu kwa heshima, kwa kuwa hapo hapachekwi. Jeshi lilipokua liligawanywa mara tatu: meli za mbele zilibeba bendera, za kati zilibeba merikani, za nyuma zilibeba kaniki. Kila kundi lilijivuna na kuwaona wengine si lolote. Halafu ikaja vita ya moshi, na katika moshi kaniki haikuonekana. Meli za mbele zilipiga zile za nyuma, ndugu kwa ndugu, mpaka upepo ulipoufungua moshi wakaona walichokifanya. Tangu siku hiyo matezi yote yakawa mekundu. Merikani ikapewa kazi ya amri, ili anayeamuru asiweze kujificha. Na kaniki haikutupwa. Ilifanywa sanda, ili kila mwanamaji anayekufa azikwe na nguo ya wale walioonewa.

"Vizuri," alisema Faki, akiivuta sanda yake. "Sasa lile la mwisho. Mtu huipandisha bendera, au bendera humpandisha mtu?"

Mize aliwaza madoa yake ya waridi, akawaza yule mpishi mlangoni. Kila jibu alilolishika lilimponyoka mikononi.

"Sijui, Amiri."

"Hata mimi. Nilidhani nikifa nitalijua." Alimpa bendera ya tezi. Ilikuwa nzito na ya joto. "Nenda. Mgeni wako amefika, na viatu vyake vinamwuma."

Mize alipanda. Sijui kama alipanda kwa muda mfupi au kwa muda wa maisha mengine mazima, lakini alipotokea juu jua lilikuwa utosini. Serahangi Pandu, mkuu wa kamba zote, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia meli ya tatu bila tarumbeta, alikuwa amesimama chini ya mlingoti akisubiri. Alizipokea bendera zote mbili, ile nyeupe ya amri na ile nyekundu ya tezi, kwa mikono miwili.

"Nifunge?" aliuliza. Macho yake yalikuwa yanamwomba.

"Bado. Tumsikilize mgeni kwanza."

Hapa lazima nieleze neno, la sivyo utaipoteza hadithi yenyewe. Wanamaji wale walikuwa wamekaa mbali na watu muda mrefu, na Kiswahili chao kilikwenda njia yake. Kwao kufunga bendera ni kuikaza kwenye kamba yake, juu na chini, tayari kupanda, na bendera iliyofungwa haingoji. Pumzi moja tu, nayo iko hewani. Ikishuka hukunjwa. Hawakuwa na duka la kufunga wala ofisi, na kufunga mlango wa chumba melini waliita kubana. Pandu alizaliwa melini. Neno lile katika kinywa chake halikuwa na maana nyingine hata moja.

Mjumbe wa Baraza aliitwa Bwana Idarusi. Alikuja kwa miguu akivuka uwanda, mwavuli mkono mmoja na furushi mkono mwingine, viatu vyake vipya vimevimba kwa chumvi. Hakuwa mtu mbaya. Alipanda, akasalimia kwa adabu, akafuta miwani yake, kisha macho yake yakaangukia kitambaa cheupe mkononi mwa Pandu.

"Bendera nyeupe?" alisema, na kwa kweli alishangaa. "Mmesalimu amri kwa nani, jamani?"

Wanamaji waliguna. Mize aliinua kiganja wakanyamaza.

"Isogelee uitazame vizuri, Bwana Mjumbe."

"Naona ina madoa."

"Hayo ndiyo maisha yangu. La kwanza nilikaa nalo miaka ya vita. La pili nilikaa nalo miaka ya kungoja, na ile ilikuwa migumu zaidi. Ukitaka kujua kama mimi ni mtu wa kusalimu amri, uliza lililofifia."

Bwana Idarusi alikohoa. Alifungua furushi lake, akatoa bendera ya hariri, mpya, inayoteleza. Ilikuwa na samaki, mkuki, ngome, mizani na jina la Baraza kwa nyuzi za dhahabu, na pembeni palikuwa pameachwa nafasi.

"Hapa patashonwa jina lako," alisema kwa upole. "Wewe hupotezi kitu, mama. Utahamia Mji wa Juu uwe Mlinzi wa Chumvi. Nyumba ipo, heshima ipo. Hawa wengine watapewa kazi za nchi kavu. Bahari imeondoka. Si kosa la mtu."

"Na hawa wataitwa nani?"

"Samahani?"

"Bendera ya tezi isipopanda, huyu hapa ataitwa nani?" Alimwonyesha Pandu, kisha akamgeukia Pandu mwenyewe. "Serahangi, mimi ni nani?"

Pandu alimtazama. Jasho lilimtoka, na machozi yakafuata, kwa sababu jina alikuwa nalo jana na leo limeondoka. "Wewe ni... wewe ndiye unayengojewa," alisema.

Bwana Idarusi hakuelewa, lakini aliona uso wa yule mnene na hakuupenda. Alitaka yaishe. Akatoa waraka, akanyosha shingo, akasoma kwa sauti ya ofisini: "Baraza, baada ya kutafakari kwa kina, limeazimia kwamba bendera zote za Jeshi la Maji zifungwe rasmi kuanzia saa hii."

Melini mgeni haamuru. Neno lake hupita kwa serahangi, naye hulirudia mara mbili ili lisipotee, kisha hulipigia kelele kwa meli zote. Pandu alisogea hatua moja. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika.

"Zifungwe?" aliuliza.

"Zifungwe," alisema Bwana Idarusi.

"Zote?"

"Zote, ndugu yangu. Sasa hivi, tafadhali."

Mize aliliona neno likipita kati yao, limetoka upande mmoja na maana yake na limeingia upande wa pili na nyingine. Alikuwa na nafasi ya kusema "Serahangi, ngoja." Maneno mawili tu. Alikuwa mtu mkweli. Hakuwahi kumdanganya adui, seuze mjumbe wa serikali yake mwenyewe.

Nikisema, nitakuwa nimesema kweli na tutakuwa hatupo. Nikinyamaza, sijasema uongo. Au nimesema? Amiri wa Kwanza yuko dukani, jora mikononi. Mwenye duka anatabasamu. Mlango uko wazi, kurudi ni hatua chache. Simba wako yuko mfukoni, mwezi wako uko mfukoni. Utarudi? Utasema hukueleweka? Nimemenya mpaka mwisho na hapa katikati kumbe kuna kitu. Kina kiburi. Hakirudishi nguo dukani.

Alivaa kofia yake.

"Amri ya Baraza haijadiliwi," alisema.

Pandu alijaza kifua. "Baraza limeamuru!" Sauti yake ilikwenda juu ya uwanda ikagonga meli ya pili, ya tatu, ya mwisho kabisa inayotetemeka katika mwanga. "Fungeni bendera! Fungeniii!" Na kutoka kila meli ilirudi sauti, moja juu ya nyingine, watu wanacheka na kulia, "Tunafunga! Tunafunga!" Kamba zilizolala tangu jana zikaanza kukimbia.

Bwana Idarusi alishtuka. "Mnafanya nini? Nimesema zifungwe!"

"Ndiyo, bwana!" Pandu alikuwa anavuta kwa mwili wake wote, mate yanamruka. "Zimefungwa! Zimefungwa barabara, tazama mwenyewe! Mwambie Baraza tunashukuru sana!"

"Nimesema zifungwe, jamani! Zi-fu-ngwe!"

"Zaidi ya hapa zitakatika, bwana!"

Nyekundu ilifunguka tezini, na tezi baada ya tezi uwanda wote ukawa mwekundu. Kisha ile nyeupe ilipanda mlingotini pole pole, na watu wakaacha kelele. Ilipofika juu ilisita, ikajinyosha, na madoa mawili ya waridi yakasimama kwenye jua. Mize aliitazama mpaka shingo ikamwuma. Hakuweza kusema nani alikuwa amempandisha nani, na kwa mara ya kwanza swali lile halikumsumbua. Alikuwa na furaha tele, na alijivunia kila kichwa kilichokuwa kinatazama juu pamoja naye.

Mlango wa jiko ulifunguliwa. Mpishi alitoka anajifuta mikono kwenye kikoi.

"Amiri Mkuu," alisema, kana kwamba hapakuwahi kuwa na asubuhi ile, "chai nikuletee huku huku?"

"Lete. Na ya mgeni."

Bwana Idarusi alikuwa bado anautikisa waraka wake. "Hii si sawa," alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya ofisini. "Mama, wewe umeelewa. Nimekuona umeelewa. Bendera zinapepea na bahari haipo! Haipo! Mnakwenda wapi na..."

Hakumaliza. Hariri ilimponyoka ikaanguka. Alitupa mkono akashika ukingo, akatazama viatu vyake, akatazama sitaha chini ya viatu, kisha akamtazama Mize na macho yamemtoka.

"Shika vizuri, Bwana Mjumbe," alisema Amiri Mkuu. "Asiyezoea huanguka meli inapoanza kwenda."